Sura ya 7: Gari la Mbio Lenye Injini ya Trekta

Tarehe 20 Mei 1953, kipande cha barabara kuu karibu na kijiji cha Jabbeke, magharibi mwa Ubelgiji, kilifungwa kwa magari yote ila moja. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la viti viwili, lisilo na paa. Namba zake zilikuwa MVC 575. Dereva wake, Ken Richardson, alipita mbele ya saa za kupimia kwenda na kurudi, na wastani wa safari hizo mbili ukawa karibu kilomita 201 kwa saa. Waandishi wa habari walioalikwa kutoka Uingereza waliandika kwamba gari la lita mbili, lenye bei ambayo mwalimu au karani mkuu angeweza kuihangaikia, lilikuwa limekimbia kama magari ya matajiri.

Waingereza walikwenda Jabbeke kwa sababu kwao hawakuwa na barabara ya namna hiyo. Barabara kuu yao ya kwanza ya kisasa ilifunguliwa mwaka 1958. Ubelgiji ilikuwa nayo, nayo ilikuwa imenyooka, tambarare, ya zege. Ubelgiji hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikitawala Kasongo na Kabambare huku Kongo wakati ule, na huku kwetu barabara zilichimbwa kwa majembe na kutunzwa na wanakijiji waliotolewa mashambani mwao wazifyeke na kuzijaza udongo kila baada ya mvua. Nataka msomaji wa Maniema awe na barabara hizo mbili akilini anaposoma sura hii. Gari la Jabbeke halikutengenezwa kwa ajili yetu. Lakini ndani ya boneti yake mlikuwa na kitu ambacho fundi yeyote wa Kasongo angekitambua na kukipenda, na ndicho kinachonifanya nilipe gari hilo sura nzima.

Gari lenyewe ni Triumph TR2. Injini yake ni ndugu wa injini ya trekta.

Sitaki kauli hiyo ichukuliwe kama mzaha wa mashabiki. Baada ya vita vya pili vya dunia, kampuni ya Standard ya mjini Coventry ilikubaliana na Harry Ferguson kumtengenezea matrekta katika kiwanda cha Banner Lane, ambacho wakati wa vita kilitengeneza injini za ndege. Trekta hilo dogo la kijivu, Ferguson TE20, lilianza kutoka mwaka 1946, na hadi mwaka 1956 zaidi ya nusu milioni yalikuwa yametengenezwa. Mwaka 1958 Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini ya dunia kwa matrekta hayo. Matrekta ya kwanza yalitumia injini ya Kimarekani, kisha kuanzia mwaka 1947 yakapewa injini ya Standard wenyewe. Injini ya ukoo huo huo iliwekwa kwenye gari la familia la Standard Vanguard, ikiwa na lita 2.1. Kampuni ilikuwa na mtambo mmoja na kazi mbili: kulima na kubeba watu. Kazi ya tatu, kukimbia, ilikuja baadaye na kwa njia ya mkato.

Mkuu wa Standard, Sir John Black, alikuwa mtu wa hasira na haraka. Kabla ya vita alimuuzia injini William Lyons, mwasisi wa Jaguar, na kumwona akipata sifa kwa magari ya mbio. Mwaka 1944 Black alinunua jina la Triumph, kampuni iliyofilisika ambayo kiwanda chake kilipigwa mabomu na Wajerumani mwaka 1940. Kisha akaona jinsi Wamarekani walivyokuwa wakigombea magari madogo ya wazi ya MG, na jinsi serikali ya Uingereza ilivyokuwa ikitoa chuma kwanza kwa viwanda vinavyouza nje ya nchi. Akajaribu kuinunua kampuni ndogo ya Morgan, ambayo tayari ilikuwa inachukua injini za Vanguard kwa magari yake. Familia ya Morgan ikakataa. Black akaamua kutengeneza gari lake.

Gari la kwanza la majaribio lilionyeshwa London mwezi Oktoba 1952, likiwa limejengwa juu ya fremu ya gari la Standard la kabla ya vita kwa kuwa fremu hizo zilikuwa zimebaki ghalani. Richardson, aliyekuwa na uzoefu wa magari ya mashindano, aliitwa kulijaribu. Aliporudi aliwaambia wazi kwamba gari hilo lingeua watu. Wakubwa wengi wangemwonyesha mlango. Black alimpa kazi ya kulirekebisha, na kwangu hilo ndilo jambo la busara kuliko yote aliyofanya. Kwa miezi michache ya majira ya baridi, Richardson na mhandisi Harry Webster walitengeneza fremu mpya, wakarefusha mkia, wakaimarisha breki. Machi 1953 gari lililorekebishwa lilionyeshwa Geneva kwa jina la TR2. Mwezi huo huo Sunbeam Alpine, gari la washindani, lilivuka maili 120 kwa saa pale Jabbeke. Miezi miwili baadaye Richardson naye alikuwa Jabbeke.

Sasa tufungue boneti.

Katika injini nyingi, tundu ambamo pistoni hupanda na kushuka huwa limechongwa ndani ya bloku yenyewe. Likichakaa, bloku yote hutolewa, hupelekwa kwenye mashine kubwa, tundu huchongwa kuwa pana zaidi, na pistoni kubwa zaidi hutafutwa. Kazi hiyo hufanyika mara mbili au tatu tu, halafu chuma kinakuwa chembamba na bloku inatupwa. Kasongo mashine hiyo iko mbali. Anayeihitaji hufikiria Bukavu au Lubumbashi, hufikiria nauli, hufikiria mto na vituo vya njiani, na mara nyingi gari lake huishia kusimama uani likimea majani.

Injini ya Vanguard haikujengwa hivyo. Silinda zake nne ni mabomba manne ya chuma, mafundi huyaita slivu, yanayoshushwa ndani ya bloku kutoka juu. Maji ya kupoza huyazunguka yenyewe, bila ukuta mwingine kati. Slivu zikichakaa, fundi hufungua hedi juu na sampu chini, hufungua vifuniko vya beringi za konrodi, husukuma pistoni nje, kisha hugonga slivu kutoka chini kwa kipande cha mbao mpaka zipande. Huingiza mpya na pistoni zake. Injini haihitaji hata kutoka ndani ya gari. Kilichokuwa kazi ya kiwanda kinakuwa kazi ya spana, nyundo, kitambaa safi na mtu mwenye subira.

Subira naitaja kwa sababu iko sehemu moja ambapo injini hii haisamehe. Chini ya slivu hukaa gaskiti nyembamba ya chuma yenye umbo la namba 8, moja kwa kila jozi ya silinda. Slivu ikishakaa juu ya gaskiti hiyo, ukingo wake wa juu lazima uchomoze kidogo kupita uso wa bloku, kati ya sehemu 8 na 13 za mia za milimita. Unywele wa mtu unakaribia unene huo. Slivu ikikaa chini zaidi, hedi haitaibana, maji yatapenya hadi kwenye sampu na oili itageuka rangi kama chai ya maziwa. Ikichomoza mno, hedi itakaa juu ya slivu peke yake na gaskiti ya hedi itaungua. Uchafu kidogo wa kutu ulioachwa kwenye kitako cha slivu unatosha kuharibu hesabu yote. Fundi mzuri hukwangua kitako hicho, hukipangusa, hukigusa kwa kidole, hukikwangua tena.

Trekta na gari havikupewa injini ile ile kipande kwa kipande. Trekta la Ferguson halina fremu. Injini yake ndiyo mgongo wa trekta, na sampu yake ni ya chuma kizito cha kubeba uzito. Inazunguka polepole na inatoa nguvu chini ya farasi 30. Kwenye TR2 kipenyo cha silinda kilipunguzwa hadi milimita 83 ili ujazo ushuke hadi sentimita za ujazo 1,991 na gari liingie kwenye daraja la lita mbili katika mashindano. Likapewa kabureta mbili za SU na hedi iliyobana zaidi, na nguvu ikafika farasi 90 injini ikizunguka mara 4,800 kwa dakika. Krenkshafti iliyobebwa na beringi kuu 3 tu ilistahimili yote hayo, kwa sababu waliotangulia kuichora walikuwa wakifikiria kazi ngumu.

Angalia pia vitu vidogo. Pampu ya petroli ina kibakuli cha kioo, kwa hiyo dereva anaona kwa macho maji na mchanga vikituama chini. Ina kiwiko cha kupampu kwa mkono gari likikauka mafuta. Mbele kuna tundu la kuingiza hendeli betri ikifa. Mabawa manne yanayofunika magurudumu yamefungwa kwa boliti, kwa hiyo bawa lililogongwa huvuliwa na kunyooshwa chini ya mti. Huku Kasongo, ambako petroli huuzwa kwa chupa kando ya barabara na hakuna ajuaye imepita kwenye madumu mangapi, kibakuli cha kioo kina thamani kuliko redio, viti vya ngozi na rangi ya kung'aa vikichanganywa.

Hata hivyo lazima niseme wazi kwamba kwenye barabara ya Kabambare gari hili lingeteseka. Tumbo lake liko takriban sentimita 15 kutoka ardhini. Vyuma vya fremu yake vinapita chini ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo gurudumu likiingia shimoni ekseli haina nafasi ya kushuka, na dereva hupokea pigo lote mgongoni. Milango ya magari ya mwanzo ilikuwa mirefu kiasi kwamba hata huko Uingereza ilikwama kwenye kingo za barabara. Mwaka 1954 ikafupishwa. Vioo vya dirishani havikuwepo, bali mapazia ya kuchomeka, na mlango haukuwa na kitasa cha nje, ulifunguliwa kwa kuingiza mkono ndani.

Wiki moja tu baada ya Jabbeke, tarehe 27 Mei 1953, mashindano ya kwanza ya Safari yalianza Afrika Mashariki kuadhimisha kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalipangwa katika madaraja kwa kufuata bei ya dukani, kwa kuwa waliotunga kanuni walitaka kujua gari lipi mtu wa kawaida anaweza kulitegemea. Mwaka uliofuata Volkswagen lilishinda, na baadaye Peugeot 404 likashinda mara nne katika miaka ya 1960. Barabara za Afrika zilikuwa na hukumu yao, na haikufanana na ya Jabbeke. Magari ya wazi ya Kiingereza yalibaki kuwa ya mijini na ya wikendi.

Soko kubwa la TR2 lilikuwa ng'ambo ya Atlantiki. TR2 zilitengenezwa 8,636 hivi, kisha ikaja TR3, ambayo mwaka 1956 ilipewa breki za diski mbele kabla ya gari lolote lingine la Kiingereza la kutengenezwa kwa wingi. TR3A, toleo lililofuata, zilitengenezwa zaidi ya 58,000, na nyingi zilipelekwa Marekani. Ubelgiji nayo ilipata sehemu yake: kiwanda cha Imperia huko Nessonvaux kiliunganisha Vanguard na TR2, na kikatengeneza TR2 chache zenye paa la chuma zilizoitwa Francorchamps. Idadi yake haikufika 25.

Magari ya wazi huoza haraka. Maji hupita kwenye turubai, hukaa chini ya zulia, hula sakafu na vizingiti vya milango. Kutu huingia ndani ya fremu mahali jicho halifiki. Kufikia miaka ya 1970 TR2 nyingi zilikuwa zimeuzwa kwa bei ya vyuma chakavu. Waliozipenda waliunda chama chao Uingereza, TR Register, mwaka 1970, na kazi ya kuzifufua ikaanza kwa dhati.

Kazi hiyo ina utaratibu. Kwanza gari huvuliwa lote, kila boliti huwekewa alama. Namba ya fremu hulinganishwa na kumbukumbu za kiwandani zilizohifadhiwa Gaydon, Uingereza, ili ijulikane lilitoka lini, na rangi gani, likapelekwa nchi gani. Fremu hupimwa kwa kamba na rula kutoka kona hadi kona, maana fremu iliyopinda hula matairi na kumchosha dereva maisha yake yote. Sakafu mpya huchomelewa wakati milango imetundikwa mahali pake; anayechomelea bila kutundika milango atagundua mwishoni kwamba haifungi tena. Hedi hupewa vitako vigumu vya vavu, kwa sababu vya zamani vilitegemea risasi iliyokuwa ndani ya petroli, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi mwaka 2006. Rangi huja karibu na mwisho, ingawa ndiyo watu huisifu kwanza.

Kuna ubishi wa muda mrefu kati ya wafufuaji. Wengine hulirudisha gari hadi liwe safi kuliko lilivyotoka kiwandani. Nairobi kuna maonyesho ya namna hiyo, Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970 chini ya chama cha wamiliki wa Alfa Romeo na yanayofanyika siku hizi kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Waamuzi huko huinama na kuangalia hata upande wa chini wa gari. Wengine huona gari limeporwa maisha yake likifutwa kila mkwaruzo. Mimi nasimama na wanaoendesha. Naheshimu usafi wa Ngong, na najua unavyofundisha umakini, lakini gari ambalo halichafuki halijulikani kama limepona. Injini iliyowekwa slivu mpya inahitaji barabara, joto, mlima na mzigo. Hapo ndipo kazi ya fundi inapothibitishwa.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wale wanaosema ufufuaji wa magari ya zamani ni anasa ya Wazungu. Anasa ipo, kwenye bei za minada na kwenye ngozi za viti. Ufundi wenyewe ni huu huu unaofanyika kila siku kando ya barabara ya Kasongo, ambako pikipiki hushushwa injini juu ya gunia na gaskiti hukatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ngumu. Kasongo iko mashariki ya mto Lualaba, na reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyokamilika mwaka 1910, inapita magharibi ya mto huo. Tangu zamani kila kipuri kimefika hapa baada ya kupakiwa na kupakuliwa mara nyingi. Mji wa namna hiyo hulea mafundi wanaojua chuma. Ninachowasikitikia ni kwamba magari yanayowafikia sasa yamefungwa kwa kompyuta zisizosomeka bila kifaa cha muuzaji, na mikono yenye uwezo wa kupima sehemu 8 za mia za milimita kwa kidole inakaa ikisubiri kifaa hicho.

MVC 575 yenyewe ilipita mkono huu na ule. Kiwanda kiliiuza mwaka 1956 kama gari lolote kuukuu, baadaye ikavuliwa vipande na kukaa miaka mingi bila kuunganishwa, huku wengi wakiamini imepotea. Vipande vilikusanywa, bodi ikarudishiwa kifuniko cha chuma kilichofunga kiti cha abiria na kioo kidogo cha dereva kama siku ya Jabbeke, na mwaka 2017 ikawashwa tena.

Wanaozitunza TR sasa wana bahati ambayo wenye magari mengine ya umri huo hawana. Magari yenyewe ni machache mno kukifanya kiwanda kiendelee kumimina slivu za injini moja ya mwaka 1947. Matrekta ya Ferguson ndiyo yanayofanya biashara hiyo iwezekane: mengi bado yanalima, mengine yanavuta mikokoteni na kupampu maji, na wakulima wake wanahitaji slivu, pistoni, ringi na gaskiti za namba 8. Wauzaji wa vipuri huzitengeneza kwa vipenyo kadhaa, na mwenye TR anayetaka nguvu zaidi huchukua za milimita 86 au 87 badala ya 83, akapata zaidi ya lita 2.1 bila kugusa bloku kwa mashine. Huzishusha kwenye bloku ile ile, hupima ukingo, hukaza hedi kutoka katikati kwenda nje, huendesha kilomita 800 za kwanza taratibu, kisha hufungua kifuniko cha vavu na kukaza hedi mara ya pili.